Mapigo Thelathini na Manne

3 Februari

Bi Mkubwa wangu,

Shikamoo. Huku wote wazima, isipokuwa mdogo wangu aling'oka jino juzi akalimeza pamoja na mkate, na sasa anatembea ameshika tumbo akisema linamng'ata. Baba anakusalimu. Mama anakusalimu pia na anasema chumba chako kimeshapakwa rangi, hata kesho ufunge duka uje. Amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeandika. Haya, ameondoka.

Sasa sikiliza makubwa. Tumepata mwalimu mpya wa hesabu. Siku ya kwanza aliingia, hakuuliza majina, akaandika ubaoni: ULIMI WA NYANGUMI = TEMBO MMOJA. Kisha akakaa kitini. Bibi, ulimi! Sio nyangumi mzima, ulimi peke yake una uzito wa tembo! Nilibaki mdomo wazi hadi jirani yangu akaufunga kwa kidole. Huyo ni nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote duniani. Tangu siku hiyo kugawanya ni nyangumi, desimali ni nyangumi, na mwalimu mwenyewe tunamwita Mwalimu Nyangumi ingawa ni mwembamba kama rula. Wewe unajua mimi na hesabu tulikuwa hatusalimiani. Sasa tunasalimiana.

Ametupa kazi ya muhula mzima. Kila mmoja amwandikie ndugu aliye mbali, ampelekee hesabu ya nyangumi, na ndugu arudishe jibu kwa barua. Simu hairuhusiwi. Wenzangu wamenung'unika, mimi nimecheka, maana wewe simu yako uliigawa ukisema ni chombo cha kugombana na mama.

Hesabu yako hii hapa. Nyangumi wa buluu anaweza kufika mita thelathini. Akilala barabarani, pua yake ikiwa mlangoni pa duka lako, mkia utafika kwa nani? Usikisie. Pima.

Mke mwenzio,
Bi Mdogo

19 Februari

Bi Mdogo, mke mwenzangu,

Marahaba. Mimi sijambo, duka halijambo, saa za watu zinaendelea kufa na mimi naendelea kuzifufua. Mwambie mdogo wako jino lililomezwa halina meno. Mwambie mama yako chumba akipangishe, na rangi aliyopaka ni nzuri, nimeiona kutoka huku.

Sasa wewe mtoto una wazimu, na mwalimu wako ndiye aliyekuambukiza. Tangu mume wetu aniachie meza hii ya saa, hakuna aliyewahi kunitoa dukani mchana wa kazi. Umenitoa. Niliazima utepe wa fundi cherehani wa hapo jirani. Utepe una mita moja na nusu, kwa hiyo thelathini ni mara ishirini, hiyo hata mimi naijua. Yeye akashika huku, mimi kule, tunatia alama kwa chaki yake ya nguo. Tukapita kwa fundi viatu, tukapita kwa muuza vitabu, tukampita muuza dawa, na nyangumi bado hajaisha! Mkia uliishia kwa kinyozi, Bi Mdogo. Kwa kinyozi! Alitoka na mkasi mkononi, mteja wake nusu kichwa, akauliza barabara inauzwa au vipi. Tulipomwambia ni samaki alirudi ndani kumalizia kichwa.

Najua, najua, si samaki, ananyonyesha. Nilimwambia baadaye.

Kwa muuza dawa nilikaa kidogo kwenye ngazi, naye akashika utepe badala yangu. Jua lilikuwa kali na viatu vipya. Alama za chaki ziliachwa pale pale, na jioni mtu wa mkokoteni alisimama akauliza kama inaruhusiwa kukanyaga mkia. Nikamwambia apite taratibu.

Habari ya ngazi usimsomee mama yako. Msomee ya mkokoteni.

Na mtoto wake je? Mnyama wa mita thelathini anazaa kitu gani?

Bi Mkubwa

8 Machi

Bi Mkubwa wangu,

Shikamoo. Jino limepatikana! Sitakwambia lilipatikana wapi. Baba ana mafua. Mama aliishika bahasha yako akautazama mwandiko muda mrefu, akasema umelegea, mistari inateremka. Nikamwambia uliandika huku unacheka. Ngazi sikuisoma.

Barua yako niliisoma mbele ya darasa na mwalimu alicheka mpaka akafuta macho kwa kifutio, akatoka na nyusi nyeupe. Ameichora barabara yako ubaoni, na kinyozi yupo.

Ulichouliza hiki hapa, na ukae kitini kwanza. Ndama wa nyangumi wa buluu huzaliwa na urefu wa mita saba. Hunyonya kama lita mia mbili za maziwa kwa siku, na kila siku huongezeka kilo tisini. Tisini! Gawanya kwa saa ishirini na nne, unapata kilo tatu na robo tatu kila saa. Mama anasema mimi nilizaliwa na kilo tatu. Yaani kila ikipita saa moja, ndama ameongeza mimi mzima na chenji inabaki. Nilipomwonyesha mama hesabu hiyo aliweka sufuria chini akauliza, "Na mama yake anapumzika saa ngapi?" Mwalimu amesema swali hilo ni zuri kuliko jibu.

Kazi inayofuata ni ya moyo. Moyo wa nyangumi huyo una uzito wa kama watu wazima watatu. Akizama chini kabisa kutafuta chakula, unaweza kupiga mara mbili tu kwa dakika. Mara mbili, Bibi! Nilikaa nikajaribu kungoja kati ya pigo na pigo, nikaona kama naishiwa pumzi mimi. Akipanda juu kuvuta hewa, unakwenda mbio hadi thelathini na saba hivi, na mbio zake hizo ni polepole kuliko sisi tukiwa tumelala. Baba ana sitini na nane, mama sabini na nne, mdogo wangu tisini na mbili kwa sababu hatulii.

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Hesabu dakika nzima. Wewe ni fundi saa, yako ndiyo itakuwa sahihi kuliko zote darasani. Nimeshajisifu, usiniangushe.

Bi Mdogo

2 Aprili

Bi Mdogo,

Marahaba, na usinune kwa kuchelewa. Kazi ni nyingi. Tena mlango wa kabati la jikoni ulinigonga paji la uso, nikapumzika siku chache. Kabati nimeshaligombeza. Pia nimeshusha godoro langu, nalala nyuma ya duka, kule juu kuna joto na ngazi zile zilijengwa na mtu aliyewachukia wanawake.

Ile hesabu ya ndama nilimsomea fundi cherehani. Ana watoto watano. Akaweka mkasi chini, akasema, "Mungu atuepushe." Hakushona tena mpaka jioni.

Sasa sikiliza maajabu yangu. Nilitulia kitini, nikaweka vidole kama ulivyosema, nikatazama mshale wa sekunde wa saa yangu ya mkononi. Nikapata thelathini na nne. Nikacheka peke yangu. Nikasema, saa imeanza kukimbia, dakika yake ni fupi. Niliifungua, nikaisafisha, nikaifunga. Thelathini na nne. Nikachukua saa ya ukutani ya mume wetu, ambayo haijawahi kusema uongo tangu tuoane. Thelathini na nne. Nikachukua ya mteja, mpya kabisa, ina hadi karatasi yake ya dhamana. Thelathini na tatu!

Hapo nikajua kosa liko wapi. Saa tatu haziwezi kula njama dhidi ya mwanamke mmoja. Ni vidole. Vimeshika bisibisi miaka mingi mpaka vimekufa ganzi, pigo moja vinaliona, la pili linavipita. Siku hizi hata skrubu zinanidondoka, naziokota kwa sumaku. Basi andika thelathini na nne na umwambie mwalimu vidole ni vya zamani.

Lakini hayo ni ya darasani kwenu. Mama yako akisikia neno vidole atageuza kuwa neno chumba, na mimi kwenye meza hii ninatoka nikibebwa. Tumeelewana?

Bi Mkubwa

20 Aprili, asubuhi

Bi Mkubwa, Bi Mkubwa, Bi Mkubwa!

Shikamoo! Wote wazima, salamu tele, sina muda, naandika kabla ya kengele. UMESHINDA! Hakuna babu wala bibi wala shangazi wa mtu yeyote aliyeshuka hata kufika arobaini na tano! Nyangumi akija juu kupumua anafika thelathini na saba, wewe una thelathini na nne. Umempita nyangumi kwa utulivu!

Mimi sikubali habari ya vidole. Vidole vyako vinashika skrubu ndogo kuliko sisimizi. Nimepiga hesabu kamili usiku wa jana na leo nitaionyesha ubaoni: thelathini na nne mara sitini mara ishirini na nne ni mapigo 48,960 kwa siku. Ya mama ni 106,560! Moyo wako unafanya kazi chini ya nusu ya moyo wa mama na bado unaendesha duka! Nimechora nyangumi amevaa miwani yako. Kengele hiyo.

Jioni

Bibi, barua hii sikuituma. Naendelea hapa hapa.

Nilisimama ubaoni nikaandika hesabu zangu. Darasa likapiga makofi. Nikageuka nimwone mwalimu anavyocheka, na hacheki. Alikuwa amesimama na chaki mkononi kama mtu aliyesahau alichotaka kuandika. Akaniuliza polepole, "Bibi yako alihesabu kwa kutumia saa ngapi?" Nikasema tatu. "Na yeye ni nani?" Nikasema fundi saa. Akaweka chaki mezani. Akasema, "Kaa chini, mwanangu," na yeye hajawahi kutuita wanangu. Akanifuata hadi nyumbani kwa miguu, na sare yangu ina chaki mpaka sasa.

Alimwambia mama kwamba mtu mzima aliyekaa kitini tu hawezi kuwa na moyo wa nyangumi. Alisema neno "hatari" mbele yangu, halafu akaniona, akaomba maji.

Mama alimpigia fundi cherehani simu. Nilikuwa karibu, nilisikia kila kitu. Alisema umeanguka mara mbili. Alisema unalala nyuma ya duka kwa sababu ngazi huziwezi. Mama akauliza, "Na kabati lililomgonga?" Akajibu, "Kabati gani, dada? Kabati lake halina mlango tangu mumewe yuko hai."

Bibi, mimi nilikuchorea miwani. Nilikupigia makofi. Samahani kwa mwandiko.

Bi Mdogo

6 Mei

Bi Mkubwa wangu,

Shikamoo. Sijui kama barua ile ilikufikia, na sijui hii itakukuta wapi. Mama aliondoka asubuhi iliyofuata kwa basi la kwanza. Huku tunakula mayai. Baba anajua mayai tu.

Mama anampigia baba, baba anatoka nje kuzungumza, akirudi anasema, "Bibi anaendelea." Anaendelea na nini? Nimemuuliza, akasema nile.

Uliniambia nisimwambie mama. Sikumwambia, ila niliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Kama umenikasirikia, niandikie hasira hiyo. Nitaipokea. Usinyamaze tu, maana kwenye ule ukimya wako nakaa nikihesabu, na sijui nahesabu nini.

Leo mwalimu alitupa hesabu za viazi. Nadhani ni kwa ajili yangu. Hakuna aliyezifurahia.

Bi Mdogo

25 Mei

Wewe Bi Mdogo,

Marahaba. Nimeuzwa! Tena na mke mwenzangu! Tena kwa jedwali la kuzidisha!

Nilikuwa nimekaa mezani kwangu na kioo jichoni. Akaingia fundi cherehani, nyuma yake kinyozi, nyuma yake mtu wa mkokoteni. Hakuna aliyeleta saa. Nikauliza kuna nini. Fundi cherehani akasema, "Dada, funga mwenyewe au tukufungie." Nilipandishwa mkokoteni mchana kweupe, mimi, mbele ya wateja wangu, na kule kwa kinyozi tukapita juu ya mkia wa nyangumi. Mtu wa mkokoteni akaenda taratibu bila kuambiwa.

Hospitali nikakuta daktari binti mdogo, nina viatu vinavyomzidi umri. Akanishika mkono, akatazama saa yake. Akaitikisa. Akatazama tena. Nikamwambia, "Mwanangu, usiisumbue saa hiyo, ni nzima, niliitia betri mwenyewe mwezi wa kwanza." Akanitazama hivi, akasema, "Basi bibi, kibovu ni moyo."

Bi Mdogo, nilifungua saa tatu. Nilizifungua moja baada ya nyingine, na sikuwaza hata kidogo kwamba kinachochelewa ni mimi. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi nilikuwa nampasua aliye mzima na kumwacha mgonjwa kitini.

Amenieleza hivi. Sehemu ya juu ya moyo kuna mahali panapotoa amri ya kupiga. Amri yangu ilikuwa haifiki chini. Huko chini kulikuwa kunajipigia kwenyewe, polepole, kwa mazoea. Nikamuuliza kungeendelea hivyo hadi lini. Akasema huenda siku moja kungesahau. Hapo niliogopa. Sikuandikii kwa mafumbo, niliogopa hadi nikamshika sketi yule binti.

Mama yako alifika nikiwa kitandani. Hakunipa shikamoo. Alisimama mlangoni akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikamwambia asitumie methali zangu dhidi yangu, mimi ndiye niliyemfundisha. Akaanza kulia, na mimi nikaanza, na muuguzi akatufukuza wote wawili kwa macho. Tulikuwa hatujalia pamoja tangu mazishi ya babu yako.

Wamenitia kidude bapa chini ya ngozi, karibu na bega. Ndani kina betri. Betri, mtoto! Miaka yote nawatilia watu betri, leo nimetiwa mimi! Nilimuuliza daktari ni ya aina gani na itadumu muda gani, akasema miaka mingi, hata kumi. Nikamuuliza dhamana iko wapi. Alicheka, mimi sikuwa nacheka.

Kuhusu chumba, mama yako alikwenda dukani kufunga. Alikuta watu wamesimama mlangoni na saa zao mikononi, wanauliza habari zangu. Akarudi bila kufunga. Tumekubaliana hivi: duka linabaki, godoro linabaki chini, fundi cherehani anashika ufunguo wa pili, na mimi nimenunuliwa simu nami nimekubali kuipokea. Sumaku yangu ameitupa, maana kidude hakitaki sumaku kifuani. Sasa skrubu zikidondoka naziokota kwa macho na kwa matusi.

Nilitaka kukukasirikia. Nilianza mara nyingi, nikashindwa. Usinihesabie ule ukimya, mkono ulikuwa umefungwa na kichwa kilikuwa na aibu.

Sasa fanya hesabu hii. Nikikaa nimetulia, kidude hakiruhusu moyo ushuke chini ya sitini kwa dakika. Nimepima kwa saa ya mume wetu. Sitini, barabara! Kila mshale wa sekunde ukisogea, moyo nao unapiga, sambamba, kama vile vilitengenezwa na fundi mmoja. Nilikaa nikavitazama mpaka chai ikapoa. Basi ukitaka kujua habari zangu, usingoje barua. Tazama saa yoyote yenye mshale wa sekunde.

Bi Mkubwa

10 Juni

Bi Mkubwa wangu,

Shikamoo. Mama amerudi, mayai yamekwisha. Mdogo wangu amepoteza jino jingine na safari hii amelitema. Mapigo 86,400 kwa siku, na mwalimu amesema hizo ndizo sekunde za siku nzima, hakuna hata moja iliyozidi wala kupungua. Nyangumi amerudi ubaoni.

Yule aliyekupigia simu Jumanne mchana akakata bila kusema neno alikuwa mimi.

Barua yako niliisoma darasani. Tangu hapo natazama saa ya ukutani iliyo juu ya ubao, mwalimu ananiona na hanikemei. Jumanne tulikuwa tunagawanya lita za maziwa ya ndama. Nikainua macho. Mshale wa sekunde umesimama.

Bibi, nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, wenzangu wanasema niliita jina lako tu. Najua ni saa ya shule. Najua haijui chochote kuhusu wewe. Hesabu zote nilizijua na hakuna hata moja iliyonisaidia, miguu ilishatoka nje. Nilikimbia hadi ofisini, nikashika simu ya ofisi bila kuomba, na mwalimu nyuma yangu anahema.

Ikaita. Ikaita. Kisha ukapokea, ukafoka, "Nani huyo ananipigia saa za kazi? Umenidondoshea skrubu!"

Nikakata. Nilichotaka kusikia nilikuwa nimeshakisikia. Mwalimu alikuwa ameshasikia pia, maana unafoka kwa nguvu sana siku hizi. Akarudi darasani, akapanda juu ya meza, akaitia saa betri mpya.

Bi Mdogo